Sokwe Aliyetafuna Mjonso

Je, wajua kwamba mgonjwa mmoja aliyewafunza wanasayansi namna ya kupima dawa ya minyoo alikuwa sokwe jike? Jina lake Chausiku, wa Milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika.

Novemba 1987, Mohamedi Seifu Kalunde, ofisa wa wanyamapori na mjuzi wa miti shamba ya Watongwe, wenyeji wa huko, alikuwa na mtafiti Michael Huffman walipomwona Chausiku amejilaza huku wenzake wakila. Baadaye akausogelea mjonso (Vernonia amygdalina), akavunja chipukizi, akabandua gome, akatupa majani, kisha akatafuna kiini kichungu, akimeza maji yake na kutema makapi. Kalunde alimweleza Huffman kwamba hiyo ni dawa kali, na Watongwe wenyewe huitumia kwa homa na maradhi ya tumbo. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amechangamka.

Kwa sokwe mwingine aliyefanya vivyo hivyo, mayai ya minyoo katika gramu moja ya kinyesi yalishuka kutoka 130 hadi 15 ndani ya saa 20.

Basi si yachumwe majani, yasagwe, yapimwe? Wakemia walipoupima mmea huo, walikuta majani na gome vimejaa vernodalini, kemikali iliyothibitika kuwa sumu kali kwa panya wa maabara. Kwenye kiini, vernodalini ni kidogo. Kilichomo zaidi ni vernoniosidi B1, ambayo hudhoofisha minyoo ya kichocho na kuizuia kutaga mayai. Chausiku alikuwa ametupa sehemu ya hatari na kubaki na yenye tiba. Maabara isiyomtazama mlaji ingeanza na sehemu mbaya.

Kisa cha Aspilia, mmea mwingine, ni kigumu zaidi. Mwaka 1983 Richard Wrangham na Toshisada Nishida waliandika kwamba sokwe wa Gombe na Mahale humeza majani yake mazima bila kuyatafuna, aghalabu asubuhi kabla ya kula. Miaka miwili baadaye ikatangazwa kwamba yana tiarubrini A, sumu ya minyoo. Habari tamu! Ila yalipopimwa upya, kemikali hiyo haikuonekana.

Jibu lilikuwa kwenye kinyesi: majani yametoka mazima, na minyoo pamoja nayo, mingine ingali hai. Sumu ingeiua. Kumbe majani hayo yana vinyweleo vigumu na hukwaruza kama msasa; yakishuka kwenye tumbo tupu huliharakisha kusafisha kila kitu, minyoo ikiwemo. Hakuna chupa ya maabara ambayo ingeonyesha hilo.

Kwa hiyo anayepima jani leo hana budi kuuliza pia huliwa sehemu gani, saa ngapi, na kwa namna gani. Na mzazi mwenye mtoto anayesumbuliwa na minyoo asimchemshie mjonso: kipimo salama hakikadiriki jikoni. Ampeleke kituo cha afya, apewe albendazoli.