Je, Wajua? Kikulacho ki Nguoni mwa Stelingi

Wapenzi wa picha kwetu humwita shujaa wa filamu "stelingi", na sote tumekua tukiambiwa stelingi hafi. Lakini yupo adui mmoja anayemtoa jasho kuliko wote, naye hatoki nje.

Je, wajua kuwa katika Spider-Man 3, filamu ya Sam Raimi ya mwaka 2007, vazi la stelingi hugeuka jeusi tii? Kiumbe kutoka anga za mbali kinamganda Peter Parker, ndiye stelingi mwenyewe, kinamwongezea nguvu, na papo hapo kinamwongezea hasira na kiburi. Hakimletei uovu mgeni, kinakuza uliokuwamo. Anashtuka pale anapompiga mwanamke anayempenda. Anapanda mnara wa kanisa na kulichana vazi lile, kengele zikimsaidia, kwa kuwa kiumbe hicho hakistahimili sauti kali. Wahenga wetu walishasema: kikulacho ki nguoni mwako.

Je, wajua kuwa vazi hilo jeusi lilianzia kwenye vitabu vya katuni mwaka 1984? Spider-Man mwenyewe alikuwa na miaka 22 wakati huo, kwani Stan Lee na Steve Ditko walimleta duniani mwaka 1962.

Je, wajua kuwa mwaka huohuo wa 1984 kilichapishwa kitabu kiitwacho Kosa la Bwana Msa? Mwandishi wake ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliyemtambulisha mpelelezi wake Bwana Msa, mvuta kiko, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960. Kwa miaka mingi Bwana Msa alifichua makosa ya wengine. Safari hii neno "kosa" likakaa ubavuni mwa jina lake mwenyewe.

Je, wajua kuwa Mji Mkongwe wa Unguja ulikuwa na jumba la sinema tangu mwaka 1921? Ni Royal, pale Vuga, lililochorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza aliyechora pia Makumbusho ya Amani ya Mnazi Mmoja. Royal liliungua mwaka 1954, na mwaka uliofuata likasimama upya kwa jina la Majestic.

Je, wajua kuwa mtoto wa Mji Mkongwe ameacha sauti yake katika filamu ya shujaa wa katuni? Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Kundi lake la Queen ndilo lililotunga muziki wa Flash Gordon, filamu ya mwaka 1980, na baadhi ya vipande vyake alivitunga yeye mwenyewe.

Je, wajua kuwa mwaka 1995, mwaka ambao Hollywood ilitoa Batman Forever, popo alikuwa jina la kutisha Pemba na Unguja? Hofu ya shetani aliyeitwa Popobawa iliwatoa watu vyumbani, wakalala nje kwa makundi, wameuzunguka moto. Mjini Unguja umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili ukidhani ndiye shetani. Tuliyemwogopa hakuonekana. Walioonekana ni watu wema waliogeuzwa na hofu yao wenyewe, na jambo hilo linastahili kukumbukwa kwa huzuni.

Je, wajua kuwa pwani yetu ina stelingi mkongwe kuliko hawa wote? Fumo Liyongo hakupatikana na mkuki wala mshale. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba kitovuni tu. Siri hiyo aliijua mwanawe, na mwanawe ndiye aliyemchoma, kwa tamaa ya ahadi alizopewa. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913.

Je, wajua kuwa katika Black Panther: Wakanda Forever ya mwaka 2022, waliyoigiza Lupita Nyong'o wa Kenya na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, shujaa Shuri anakwenda kwa wahenga akitaraji faraja, akamkuta adui wa zamani, Killmonger? Huyo ni sura ya kisasi kilichomo moyoni mwake. Shuri anakuja kumshika adui yake Namor, mkuki mkononi, na anamwacha hai.

Je, wajua kuwa tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997, limekuwa likionyesha picha usiku ndani ya Ngome Kongwe, nyota zikiwa juu? Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilitoka mwaka 2021 na kufika hadi Toronto. Natamani nimwone na Liyongo akiwa mkubwa mbele ya kuta zile.

Je, wajua kuwa mtoto wa chuoni Unguja huenda akaielewa hadithi ya vazi jeusi kabla ya kuitazama? Kurani inazitaja nafsi katika hali tatu: inayoamrisha maovu, inayojilaumu, na iliyotulia. Peter anavaa nyeusi, hiyo ni ya kwanza. Anapanda mnarani kwa majuto, hiyo ni ya pili. Mwishoni anamsamehe mtu aliyemuua ami yake Ben, na anamwacha aende zake. Hapo hapigwi mtu ngumi, na hapo ndipo stelingi anaposhinda.