Saratani ya Matiti: Je, ni Laana ya Ukoo?

Hapa Mugutha nimesikia watu wakisema eti ukoo fulani umelaaniwa kwa kuwa mama na binti wameugua saratani ya matiti. La hasha! Mwaka wa 1990, Mary-Claire King wa Marekani alionyesha kwamba hatari hiyo yaweza kurithiwa kupitia jeni, BRCA1. Mzazi mwenye jeni iliyo na kasoro, awe mama au baba, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Lakini kati ya wagonjwa 100, waliorithi ni 5 hadi 10 tu.

Damu hupimwa, ya aliyeugua kwanza. Kurithi si kuugua. Ni onyo uchunguzi uanze mapema. Basi tuwaulize nyanya zetu, na shangazi pia. Kuuliza si ujinga.