Tasi na Miadi ya Mwezi Mpevu

Mpasue tasi jike wa Februari, mara nyingi utakuta tumbo limebanwa na vifuko viwili vilivyojaa mayai. Miezi mingine vifuko hivyo hivyo vimenywea, hata huvioni usipovitafuta. Tofauti hiyo ndiyo kalenda ya uzazi wake. Wataalamu huisoma kwa kupima uzito wa vifuko dhidi ya uzito wa samaki mzima, mwezi baada ya mwezi.

Tasi, ambaye Kenya wengi humwita tafi, ndiye *Siganus sutor*: mla majani, mwenye miiba 24 yenye sumu, na mdokozi anayewasumbua kina mama wakulima wa mwani Unguja na Pemba. Zamani ilidhaniwa kwamba samaki wa bahari zetu za joto huzaa mwaka mzima bila mpangilio. Mwaka 1990 Ntiba na Jaccarini walichapisha utafiti wao wa pwani ya Kenya, wakaonyesha kuwa tasi ana misimu yake: Januari na Februari wakati wa kaskazi, kisha Mei na Juni kusi ikishaingia.

Ndani ya msimu, mwezi ndio unaotoa ishara. Huko Praslin, Shelisheli, tasi waliotawanyika sehemu mbalimbali hukusanyika kwenye miamba ile ile siku chache zinazouzunguka mwezi mpevu. Majike humwaga mayai, madume manii, na utungisho hufanyika majini. Mayai ya chewa na changu huelea. Ya tasi huzama na kunata. Vitoto vikianguliwa huchukuliwa na maji kwa majuma kadhaa, na vinavyosalimika hurudi kukulia kwenye majani ya bahari.

Wavuvi wa madema waliijua miadi hii kabla yetu sisi wa maabara, na hapo ndipo ninapopata hofu. Dema likitegwa penye mkusanyiko huu hujaa upesi, na anayelivuta huamini bahari bado ina neema. Lakini samaki hawajaongezeka, wamekutana tu. Waliokuwa wametapakaa eneo kubwa wamejileta mahali pamoja, kwa hiyo mavuno yanaweza kubaki mazuri mwaka hata mwaka huku idadi yao ikipungua, mpaka siku ambayo mwezi unapevuka na mwamba uko mtupu.

Madema yenye mwanya wa kutorokea, ambayo yamejaribiwa pwani ya Kenya, yanawaokoa wachanga, nami nayaunga mkono. Ila jike mwenye mayai ni mnene, hapiti kwenye mwanya ule. Kumwokoa huyo kunahitaji muda, si tundu. Kamati za ufukweni, ambazo zina wazee wanaoijua miamba hiyo kwa majina, zikubaliane kuipumzisha siku hizo chache za mwezi mpevu, msimu wa kaskazi na mwanzo wa kusi. Nawe mnunuzi, ukiona mnadani tasi wote wamevimba matumbo, muulize mvuvi wametoka mwamba gani.