Mlango wa Hewa Hufungwa Lini? Kamshafti katika Dizeli ya Barabarani

Msomaji wetu mmoja aliyehamia Minnesota, mwenye pikapu ya Dodge Ram ya mwaka 1996 ambayo huiendea kazini siku za juma na kukokotea tela siku za mapumziko, ametuandikia kuuliza ni kamshafti ipi aitie katika injini yake ya Cummins ya lita 5.9, kwa kuwa wauzaji wa huko wamemjaza maneno mengi juu ya kimo cha valvu na nguvu za farasi, na kila mmoja humwapia kuwa chuma chake ndicho bora. Kazi ya kamshafti kwa jumla sitaieleza. Ajuaye kwamba huzunguka mara moja kila krenki izungukapo mara mbili, ikiziinua valvu kwa zamu, amekwisha kujua ya kutosha. Nitakalolishika ni jambo moja, ambalo wauzaji hulitaja mwisho na kwa herufi ndogo, ilhali kwa dizeli ya barabarani lingestahili kutangulia yote: saa ya kufungwa kwa valvu ya hewa.

Aghalabu watu hudhani kwamba valvu hiyo hufungwa pistoni ifikapo chini kabisa. Sivyo. Hufungwa baadaye, pistoni ikiwa imekwisha kugeuka na kuanza kupanda, kwa sababu hewa, ijapokuwa haionekani, ina uzito, na kitu chenye uzito kikishashika mwendo hakisimami ghafula. Mwenye mabwawa ya chumvi pwani, aliyechimba mfereji mrefu kutoka horini, huijua hikima hii pasipo kusomea uhandisi. Bahari ifikapo ukomo wa kujaa, haushushi mlango wake wa mbao papo hapo. Maji yaliyomo mferejini yangali yakienda mbele kwa kasi yaliyokuja nayo, na akivumilia kidogo, bwawa huongezeka kimo bila gharama, hali bahari yenyewe imekwisha kuanza kupwa. Akifunga mapema, ameacha nje kiasi kilichokuwa chake. Akikawia, maji husita, hugeuka, na aliyokwisha kuyapata humtoka kwa mlango ule ule yaliyoingilia. Siku za bamvua, yajapo kwa nguvu, anaweza kungoja sana. Siku za maji mafu, yajapo kwa unyonge, kungoja vile vile ni hasara tupu. Sasa na tumdhani mtu huyu amenyimwa hiari, ameamriwa aufunge mlango kwa kadiri moja mwaka mzima, bamvua na maji mafu sawasawa. Hiyo ndiyo hali ya kamshafti: umbo lake limekwisha kuchongwa katika chuma, na mwenye injini sharti aamue tangu dukani kama ataishi zaidi na bamvua, yaani mizunguko mingi, au na maji mafu.

Pikapu ya barabarani huishi na maji mafu. Injini ya msomaji wetu hufikia kilele cha mkokoto, yaani nguvu yake ya kuzungusha krenki, karibu na mizunguko 1,600 kwa dakika, na nguvu zake za farasi hutajwa kwa mizunguko kama 2,500, mwendo ambao injini ya petroli ya mashindano haijaanza hata kujinyoosha. Fauka ya hayo, dizeli haina cheche. Moto wake huzaliwa na hewa iliyobanwa hata ikapata joto la kuwasha mafuta, na kubana hakuanzi mpaka valvu ifungwe. Pistoni hapa husafiri milimita 120, na mbano uliotajwa na kiwanda ni 17.5 kwa 1. Nimepiga hesabu: valvu ikifungwa digrii 40 za krenki baada ya pistoni kugeuka, milimita kama 10 za safari zimepotea, na mbano wa kweli ni 16 na kidogo; ikifungwa digrii 70, milimita 31 zimekwenda bure, na mbano umeanguka hadi 13. Alfajiri ya Januari huko Minnesota, stata ikiisukuma injini kwa taabu, hewa haina mwendo wa kuibeba mbele na turbo imelala, basi sehemu ya pumzi iliyovutwa hurudi ilikotoka, na iliyobaki haipati joto la kutosha. Injini hii nayo haina plagi za kupashia joto ndani ya silinda. Ina waya za joto kwenye njia ya hewa tu. Atakachokiona ni moshi mweupe na betri inayozidi kuchoka.

Mpishano, yaani muda ambao valvu zote mbili zi wazi pamoja, na uwe mfupi. Mbele ya turbo ya kiwandani moshi mara nyingi huwa na shinikizo kubwa kuliko hewa iingiayo, na ukipata upenyo huingia silindani; tena pistoni ya dizeli hupanda karibu mno na kichwa cha silinda, ikaacha nafasi ndogo kwa valvu iliyochelewa.

Basi na amdai muuzaji karatasi ya vipimo, aulize valvu ya hewa hufungwa digrii ngapi, na digrii hizo zimepimwa valvu ikiwa imeinuliwa kiasi gani, kwa kuwa kamshafti mbili zilizopimwa kwa kanuni mbalimbali hazilinganishiki. Achague ile isiyokawia kuliko ya kiwandani, na ifunguayo valvu ya moshi mapema kidogo, ili turbo ipate msukumo wenye uhai. Habari za springi za valvu na sheria za moshi za jimboni kwake fundi atamwambia.

Fundi huyo awe amewahi kuifanya kazi hii, kwani tapeti za injini hii, yaani vikombe vikaavyo juu ya kamshafti na kuzisukuma pushirodi kuelekea valvu, zina kitako kipana kuliko tundu lake, hazitoki kwa juu, na kamshafti ikichomolewa ovyo zote 12 huangukia chini. Wajuzi hupitisha vijiti vya mbao katika matundu ya pushirodi, kila kijiti kikang'ang'ania ndani ya tapeti yake, kisha huviinua na kuvifunga viwili viwili kwa mpira. Tapeti za zamani huangushwa moja moja ndani ya bomba lililopasuliwa kwa urefu na kusukumwa katika njia ya kamshafti, na mpya zikavutwa juu kwa njia hiyo hiyo. Kamshafti mpya haiwekwi juu ya tapeti kuukuu.