Wastani Peke Yake Hautoshi

Neno “wastani” husikika kila siku: wastani wa mvua, wastani wa alama za mtihani, wastani wa mapato. Aghalabu msomaji hupewa namba moja tu, naye huidhani kuwa ni picha kamili ya jambo lenyewe. Kumbe namba hiyo yaweza kuficha mengi kuliko inayoyaonyesha.

Na ichukuliwe mitaa miwili ya kubuni pembezoni mwa Dar es Salaam, mmoja Temeke na wa pili Kinondoni. Katika kila mtaa, familia tano zinahesabu ndoo za maji zinazotumia kwa siku. Temeke hesabu ni ndoo 8, 9, 10, 11 na 12. Kinondoni ni ndoo 2, 3, 3, 4 na 38, kwa kuwa familia moja ina kisima na bustani ya kumwagilia. Jumla ya kila mtaa ni 50. Ikigawanywa kwa 5, wastani ni ndoo 10 kwa mitaa yote miwili. Hata hivyo, katika mtaa wa Kinondoni hakuna familia hata moja inayotumia ndoo 10.

Ndiyo sababu wanatakwimu hutumia vipimo vingine viwili. Cha kwanza ni mediani, yaani namba iliyo katikati baada ya namba zote kupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Temeke ni 10. Kinondoni ni 3. Cha pili ni modi, yaani namba inayojirudia mara nyingi zaidi. Kinondoni ni 3 tena. Temeke haipo, maana hakuna namba inayojirudia. Kisima kimoja kimeuvuta wastani juu, lakini hakikuisogeza mediani.

Baada ya kujua kitovu cha namba, hapana budi kupima mtawanyiko wake. Njia nyepesi ni kutoa namba ndogo kutoka kubwa: Temeke ni 4, Kinondoni ni 36. Njia hiyo hutazama namba mbili tu za mwisho. Mchepuko sanifu huzitazama zote. Tofauti ya kila namba na wastani hutafutwa, kisha hupigwa mraba, kwani bila hivyo tofauti za juu na za chini zingefutana na kuleta sifuri. Miraba hujumlishwa, jumla hugawanywa kwa idadi ya namba, na mwishowe hutafutwa kipeuo cha pili. Temeke jibu ni ndoo 1.4, Kinondoni ni 14.0, yaani mara kumi.

Jambo hili si mchezo wa namba. Ndoo 3 za lita 20 ni lita 60. Familia ya watu sita hupata lita 10 kwa kila mtu, za kupikia, kunywa, kufulia na kuoga. Mahali penye uhaba wa maji safi ndipo kipindupindu hupata njia, kama Dar es Salaam ilivyoshuhudia mwaka 2015. Afisa anayesoma wastani peke yake angeipita mitaa yote miwili.

Mfano halisi umo katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika wilaya tano: Ilala 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Wastani kwa wilaya ni watu 1,076,746 hivi. Endapo dawa zingegawanywa sawasawa kwa kufuata wastani huo, Kigamboni ingepata zaidi ya mara tatu ya mahitaji yake, ilhali Ilala ingekosa zaidi ya theluthi moja.

Walimu waweza kuwapa wanafunzi zoezi jepesi. Kila mmoja aandike dakika anazotumia kutoka nyumbani hadi shuleni, kisha darasa litafute wastani, mediani na mchepuko sanifu. Wanafunzi wenyewe wataona ni nani watakaochelewa endapo saa ya kengele ya kwanza itapangwa kwa kufuata wastani.