Maji Yatoayo Habari za Ubongo

Fungueni madaftari. Leo twajifunza jinsi wataalamu wanavyouchungulia ubongo wa mtu aliye hai, bila kumpasua.

Mmeona waya wa umeme: ndani shaba, nje mpira. Mishipa yetu mingi ya fahamu nayo imevikwa ganda la mafuta, tabaka juu ya tabaka, mfano wa kitunguu. Ganda hilo huitwa mayelini. Likiwa zima, habari hupita mbio sana. Likiharibika, habari huchelewa au hupotea njiani.

Katika ugonjwa uitwao MS, askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na maradhi, huligeukia ganda hilo na kulishambulia. Mgonjwa aweza kuona ukungu, kufa ganzi, au kukosa nguvu miguuni. Huo si uvivu.

Zamani, ili kuiona mayelini, ilibidi kungoja mtu afe, ubongo ukatwe na kutazamwa kwa darubini. Leo iko mashine ya MRI. Ina sumaku yenye nguvu nyingi. Hutuma mawimbi ya redio, jamaa ya haya yanayowaletea sauti yangu, na maji yaliyomo mwilini huyajibu. Mwaka 1981 madaktari wa London walionyesha kwa mashine hiyo madoa ya MS ndani ya ubongo.

Sasa shikeni neno hili: mashine haioni mayelini yenyewe. Husikiliza maji. Maji yaliyobanwa kati ya tabaka za mayelini hunyamaza upesi. Maji mengine huendelea kujibu kwa kitambo. Mwaka 1994 wataalamu wa Vancouver, Kanada, waliitumia tofauti hiyo kukadiria mayelini ya watu walio hai. Njia nyingine hupima mwendo wa maji, kwa kuwa maji hufuata urefu wa mshipa kwa urahisi kuliko kuukata kwa upana.

Basi picha hiyo ni makadirio. Uvimbe nao waweza kuyabadili maji. Kwa hiyo daktari mwema hutazama picha, kisha humtazama mgonjwa. Hata hivyo faida ni kubwa: wanaotafuta dawa ya kurudisha mayelini waweza kupima kazi yao mgonjwa angali hai.

Maswali:
1. Mayelini ni nini?
2. Mashine husikiliza nini?
3. Kwa nini picha peke yake haitoshi?

Jibuni kwa maandishi, kisha msomeane darasani. Kwaherini.