Konsetina Nzuri Haijiuzi

Tangazo la kuuza konsetina likisema tu kwamba "iko vizuri, haijatumika sana", mpigaji mzoefu hulipita. Hajaambiwa lolote. Konsetina ni ndugu mdogo wa kodiani tunayoisikia kwenye taarab: kisanduku cha pembe sita kinachopakatwa, chenye vitufe kila upande na mvukuto katikati. Tatizo ni kwamba visanduku vinavyofanana kwa sura huwa vya aina tatu zisizoelewana. Konsetina ya Kiingereza hutoa noti ileile, uvute au ubane. Anglo hutoa noti moja ukivuta na nyingine ukibana. Duet nayo haibadiliki noti kwa kuvuta na kubana, ila noti za chini zote ziko mkono wa kushoto na za juu ziko wa kulia. Aliyekomaa kwenye moja akiletewa nyingine huanza upya kama mwanafunzi.

Ndiyo maana wapigaji hupenda kuuziana wenyewe kwa wenyewe. Muuzaji anajua nini kitaulizwa, na mnunuzi anajua jibu lipi ni la kweli.

Historia ya chombo hiki ina mizizi miwili. Huko London, Charles Wheatstone, yule ambaye jina lake wanafunzi wa fizikia hulikuta kwenye "daraja la Wheatstone", alipata mwaka 1829 hataza iliyozaa konsetina ya Kiingereza. Mwaka 1834, Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz, Ujerumani, alitengeneza ya kwake, yenye noti mbili kwa kila kitufe. Anglo ilichukua mpangilio wa Mjerumani na ufundi wa London. Konsetina za bei nafuu zilisambaa mbali. Kusini mwa Afrika, Wazulu walizifanya zao katika muziki wa maskanda. Magharibi mwa Ireland, katika kaunti ya Clare, zilishika mizizi kiasi kwamba leo Anglo ya vitufe 30, iliyowekwa katika funguo za C na G, ndiyo inayotafutwa zaidi na wapigaji wa muziki wa Ireland.

Uhitaji huo ndio unaopandisha bei. Karakana maarufu za London zilizotengeneza vyombo vya Lachenal, Jeffries na Crabb zilishafungwa, na kilichobaki ni vyombo vizee vinavyopita mkono hadi mkono. Mafundi wa baadaye, kama familia ya Dipper ya Uingereza na Jürgen Suttner wa Ujerumani, waliufufua ufundi huo, lakini mtu anayetengeneza kila kipande kwa mkono hawezi kutoa vyombo vingi kwa mwaka. Wateja wao waliingia kwenye foleni ya miaka. Hivyo konsetina ya fundi mwenye jina, iliyotumika lakini ipo tayari, inaweza kufikia bei ya mpya au hata kuipita, kwa maelfu ya pauni. Anayeiuza anauza pia ile miaka ya kusubiri.

Watu sokoni husema kizuri chajiuza. Konsetina haijiuzi, kwa sababu thamani yake imefichwa ndani, na asiyeifungua huenda akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Muuzaji makini huifungua mwenyewe na kupiga picha. Kila upande hufungwa kwa skrubu sita ndefu. Wenye uzoefu huzichomeka kwenye kipande cha kadibodi chenye matundu sita, kila moja mahali pake, maana skrubu iliyozoea tundu lake isirudishwe kwenye jingine. Kifuniko kikitoka, huonekana vijiti vya chuma, springi nyembamba na vizibo vidogo vya ngozi, kimoja kwa kila kitufe. Chini yake kuna ubao wenye ndimi za chuma, zile zinazotetemeka na kutoa sauti. Anglo ya vitufe 30 ina ndimi zisizopungua 60. Katika konsetina ya jadi, kila ulimi umekaa kwenye fremu yake ya shaba, iliyosukumwa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye mbao. Konsetina nyingine za kisasa hutumia ndimi za kodiani, ambazo ni rahisi zaidi kupatikana. Zinapigika vizuri, lakini sauti ni tofauti na bei ni ya chini. Kuficha jambo hilo ni kumpiga mwenzako changa la macho.

Namba zilizogongwa ndani nazo husomwa kwa makini. Zikipishana kati ya upande mmoja na mwingine, huenda chombo kimeunganishwa kutoka viwili. Kwa konsetina za Wheatstone, namba inaweza kufichua hata tarehe, kwa kuwa sehemu kubwa ya daftari za kampuni hiyo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Horniman, London.

Mvukuto una jaribio lake rahisi. Shika upande mmoja, acha wa pili uning'inie bila kubonyeza kitufe. Ukishuka polepole, hewa haivuji. Ukianguka ghafla, andaa fedha za fundi.

Halafu kuna suala la sauti. Vyombo vingi vya karne ya 19 vilitengenezwa kwa kipimo cha juu, ambapo noti ya A ilikaribia hezi 452, ilhali kipimo cha leo ni hezi 440. Konsetina kama hiyo ni tamu ikipigwa peke yake, lakini haikai pamoja na fidla na filimbi. Kuirekebisha ni kukwangua ndimi moja moja: karibu na ncha sauti hupanda, karibu na shina hushuka. Chuma kilichokwanguliwa hakirudi, kwa hiyo mnunuzi huuliza ni nani alifanya kazi hiyo.

Biashara ikivuka mipaka, mbao na vitufe huingia kwenye sheria. Baadhi ya konsetina zina kuta za mpingo, mti ambao Tanzania inausafirisha kwa watengenezaji wa klarineti na zumari za Ulaya. Tangu 2017 jamii ya mpingo iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES, ila mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa usumbufu huo. Vitufe vya pembe za ndovu ni habari nyingine: Uingereza, chombo cha kabla ya 1975 chenye pembe chini ya asilimia 20 kinaweza kuuzwa, lakini lazima kwanza kisajiliwe.

Baina ya wapigaji, malipo mara nyingi huambatana na siku chache za majaribio. Mnunuzi hukaa na chombo, hukipeleka kwa mwalimu au fundi wake, na kisipomfaa hukirudisha akilipia usafirishaji tu. Wengine hukwepa posta kabisa na kukutana Miltown Malbay, Clare, ambako shule ya kiangazi ya muziki ya Willie Clancy, iliyoanza 1973, hufanyika mwezi wa Julai. Mji ukiwa umejaa wapigaji, konsetina inayouzwa inaweza kupita mikononi mwa watu kadhaa wenye masikio makali kabla bei haijatajwa, na kasoro ambayo mmiliki aliizoea hadi akaacha kuisikia hutajwa hapohapo, mbele yake.